Tangazo Langu, Bando Lako

Barua yenyewe ilikuwa ndogo kuliko nilivyoitegemea. Kikaratasi cheupe kilichokunjwa na kugandishwa, ukubwa wa kadi ya mwaliko wa kipaimara, chenye vitobo vidogo pembeni vya kuchania. Ndani, tarakimu sita. Kilikuwa kimelala wiki tano kwenye droo ya karani wa shule aliyokuwa akifundisha mama, maana sanduku la posta nililoandika lilikuwa la shule. Kwetu Singida, kama kwingine kwingi nchini, mtu hana anwani, ana S.L.P. ya kuazima. Karani alikiona, akakiweka pembeni.

"Anasema alidhani ni watu wanatangaza biashara zao," mama aliniambia kwenye simu huku akicheka.

Hakukosea sana.

AdSense, ule mtandao wa matangazo wa Google, huituma barua hiyo mapato yako yakifika dola 10. Ndiyo namna yao ya kuhakikisha kwamba unaishi mahali unaposema unaishi. Usipoziingiza tarakimu zile ndani ya miezi minne, matangazo yanazimwa kwenye tovuti yako. Mimi dola 10 zangu za kwanza zilinichukua miezi saba. Nilikaa kitandani kwangu Tabata, mama akinisomea tarakimu moja moja, mimi nikiandika mkononi kwa kalamu kana kwamba karatasi zimeisha duniani.

Tovuti yangu ni ya kuku wa kienyeji. Niliianza mwishoni mwa 2015, kwa hasira. Mwaka mmoja kabla, kideri kiliingia kwenye banda la mama, na ndani ya wiki moja kuku zaidi ya arobaini walikuwa wamekwenda. Wanaanza kuzubaa, kinyesi cha kijani, shingo inapinda kama mtu anayetafuta kitu nyuma yake, asubuhi unawakuta chini. Nilitafuta mtandaoni kwa Kiswahili nikaambulia maandiko ya Kiingereza ya kurasa themanini, yameandikwa kwa ajili ya watu wenye digrii. Na kumbe chanjo ipo, inatengenezwa hapa hapa nchini na maabara ya mifugo ya serikali, inaitwa I-2, inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, na kazi yenyewe ni tone moja kwenye jicho moja la kuku, kila baada ya miezi mitatu. Tone moja! Nikaandika makala hiyo. Hadi leo ndiyo inayosomwa kuliko zote.

Suala la hela lilikuja baadaye kidogo, na lilikuja na kichekesho chake. Wakati ule Kiswahili hakikuwemo kwenye orodha ya lugha za AdSense. Waliotutangulia wakatufundisha mlango wa uani: andika makala kadhaa za Kiingereza kwanza, ukubaliwe, halafu ndiyo uendelee na mambo yako. Nikaandika kumi na mbili. Kiingereza changu cha kuku kilikuwa cha kuombewa dua, lakini nilikubaliwa. Sijivunii, ila ndivyo tulivyoingia wengi.

Siku niliyoona tangazo la kwanza kwenye ukurasa wangu nilifanya kosa ambalo nadhani kila mgeni wa biashara hii hulifanya: nilitangaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Bamdogo, Mungu ambariki, aliona mpwa anahangaika akaamua kusaidia. Alibofya tangazo lile mara thelathini na kitu, akamwambia na mkewe abofye. Jioni ile salio langu lilisoma dola 6.20, nami nikaanza kuhesabu kwamba kwa mwendo huu, mwaka kesho naacha kazi. Mwisho wa mwezi mahesabu yalipofungwa zilibaki dola 1.85. Mibofyo ya namna hiyo inatambulika, inafutwa, na hela inarudishwa kwa mtangazaji. Bahati yangu akaunti haikufungwa, maana watu hufungiwa kwa hilo hilo na rufaa haziwasaidii. Nilimpigia bamdogo nikamwomba kwa heshima zote aache kunisaidia.

Sasa nieleze hiki kitu kinavyofanya kazi, maana rafiki zangu wengi bado wanadhani kuna mzungu mahali fulani anahesabu wasomaji na kutuma mshahara.

Ni mnada. Kama umewahi kufika mnada wa Pugu siku ng'ombe wameshushwa, unaujua mchezo: ng'ombe ni yule yule, bei inategemea nani amesimama pale asubuhi hiyo na ana nini mfukoni. Msomaji anapofungua ukurasa wangu, nafasi ya tangazo hupigwa mnada hapo hapo, kabla ukurasa haujamaliza kufunguka, na wanaonunua ni kompyuta za watangazaji. Wanachonunua siyo makala yangu. Wananunua yule mtu: yuko nchi gani, anatumia simu gani, jana alikuwa anatafuta nini. Atakayeshinda tangazo lake linaonekana. Katika alicholipa, Google walitangaza mwaka 2010 kwamba mwenye tovuti hupata asilimia 68, na ndicho kiwango tulichokizoea kwa miaka mingi. Tangu 2024 wamebadili mahesabu, wanalipa kwa tangazo kuonekana badala ya kubofywa, lakini mfuko wangu haukusikia tofauti kubwa.

Tatizo langu liko kwenye wanaosimama mnadani. Mfugaji wa Iramba mwenye simu ya laki moja na nusu anapofungua makala ya kideri, nani anamgombea? Kampuni za kubeti na programu za mikopo ya haraka, basi. Anayeuza dawa za mifugo hapo mjini hata hajui kwamba mnada upo. Kwa hiyo msomaji huyo ananiletea sehemu ya senti. Halafu usiku, mtu aliyeko Muscat, Oman, anayejenga banda la kuku kwao Pemba kwa kutuma hela kidogo kidogo, anafungua makala ile ile, maneno yale yale, na ananiletea mara nane au kumi zaidi. Nina wasomaji wachache Minnesota, Marekani, pia. Hao ni kama ng'ombe wa maonyesho. Kuna miezi niliyojikuta nikiandika huku nawawaza wao, makala kama "Kusimamia mradi wa kuku ukiwa mbali", na mama akaniuliza siku hizi mbona siandiki mambo ya kuku wenyewe.

Na kuna msimu. Desemba bei inapanda kwa sababu watangazaji duniani wanamalizia bajeti za mwaka na za sikukuu. Januari inaporomoka siku ya kwanza tu, kana kwamba mtu amezima jenereta.

Januari hiyo hiyo ndipo majaribu yanapokuja. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, nchi nzima inaandika neno moja kwenye Google. Najua vijana wenye tovuti za michezo, za mapishi, hata moja ya mahubiri, ambao siku hiyo wote wanakuwa Baraza la Mitihani. Wanaweka kichwa cha habari, aya tatu za kuzunguka mbuyu, matangazo manne katikati, na chini kabisa kiungo cha kwenda kwenye tovuti halisi ya NECTA. Wiki moja ya namna hiyo inazidi mwaka wangu mzima wa kuku. Nilifanya mara moja, 2017. Nilipata dola 11 ndani ya siku mbili na ujumbe mmoja kutoka kwa msichana wa Kigoma aliyeniuliza mbona kila akibonyeza "Angalia matokeo" anapelekwa kwenye kubeti. Sikumjibu. Nilifuta ukurasa.

Malipo hayatoki mpaka ufikishe dola 100. Mwaka 2017 wote, pamoja na zile 11 za aibu, uliniingizia dola 71. Kwa hiyo malipo ya kwanza niliyaona Machi 2018, baada ya miaka miwili na zaidi: dola 103 zilitumwa, 81 zikaingia. Nyingine ziliachwa njiani kwa benki za katikati na kwa benki yangu mwenyewe, kila mmoja akikata chake kama kondakta. Mwezi huo huo serikali ikatoa Kanuni za Maudhui Mtandaoni: maombi laki moja, leseni milioni moja. Milioni moja na laki moja, dhidi ya mapato ya mwaka yasiyofika laki mbili. Nilizima tovuti, kama wengi walivyozima Juni ile. Hadithi ya leseni ni ndefu na ina makala yake. Hapa itoshe kusema nilikaa gizani muda mrefu kabla ya kurudi.

Niliporudi, 2021, nilirudi na njaa. Nikaongeza mtandao wa pili wa matangazo, ambao sitautaja kwa sababu sitaki ugomvi. Huu haukuuliza lugha, haukuuliza S.L.P., ulikubali tovuti yangu kwa dakika kumi na tano na kuahidi kulipa kuanzia dola 5. Unapewa mistari mitatu ya msimbo wa kompyuta, unaibandika, hela inaanza kusoma. Ilisoma kweli. Mwezi wa kwanza ilikuwa mara mbili ya AdSense.

Mwezi wa pili nikapokea ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, namba siijui. Mama mtu mzima, nyuma yake kuku wanasikika.

"Mwanangu, mimi niko Itigi. Nasoma ile habari yako ya kuwadondoshea kuku dawa. Sasa imefika hapa imeandika 'Endelea', nikabonyeza. Haikuendelea. Salio langu limeliwa shilingi mia tano. Tena na leo asubuhi wamekula mia tano. Niliweka vocha nimpigie mtaalamu. Sasa mwanangu, hiyo dawa ni tone moja au mawili?"

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilimjibu, "Shikamoo mama, ni tone moja, jicho moja," nikamtumia vocha ya elfu mbili, nikamwelekeza namna ya kujitoa kwenye hiyo huduma iliyokuwa inamkata. Halafu nikafungua makala yangu kwa simu ya rafiki, simu ya kawaida kabisa, siyo kompyuta yangu. Aya ya nne inasema chukua kichupa, kitikise taratibu. Chini yake kitufe cha kijani kinachojaza skrini nzima: ENDELEA. Chini ya kitufe, kama una subira ya kushuka hadi huko, ndipo lipo lile tone.

Usiku ule nilifanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya siku ya kwanza. Kuna kidirisha kwenye kivinjari cha kompyuta kinachoonyesha kila kitu ambacho ukurasa unavuta na uzito wake. Maneno yangu mia tisa: KB 6. Picha ya kuku anadondoshewa chanjo: KB 80 hivi. Matangazo na makorokoro yake yote, vipande vya programu vinavyoendesha mnada, vinavyofuatilia, vinavyofuatilia vifuatiliaji: MB 2 na pointi tatu.

Bando nililokuwa nanunua mimi wakati huo lilikuwa GB 1 kwa shilingi elfu mbili. Yaani MB moja ni karibu shilingi mbili, na wanaonunua bando dogo la siku, kama yule mama, MB yao ni ghali zaidi. Kwa hiyo kila aliyefungua makala ya kideri alilipa karibu shilingi tano za bando kwa ajili ya matangazo peke yake. Na mimi nilipata nini? Kwa kurasa elfu moja nilikuwa napata senti 35 za dola, kama shilingi mia nane. Gawa kwa elfu moja. Senti themanini. Senti zile za shilingi, ambazo mara ya mwisho kuziona nilikuwa mtoto.

Msomaji anatoa shilingi tano ili mimi nipate senti themanini. Hata angenipa mkononi hiyo shilingi moja, wote wawili tungepata faida.

Baada ya hapo ndipo nilipowaelewa wanaotumia Opera Mini. Nilikuwa nawanung'unikia, maana kivinjari hicho kinabana kurasa na tangu 2016 kina kizuizi cha matangazo ndani yake, na karibu robo ya wasomaji wangu walikuwa wanakitumia. Kwangu walihesabika kama wanaokula bila kuchangia. Kumbe walikuwa wamepiga hesabu kabla yangu.

Mtandao wa pili niliutoa kesho yake. Zilibaki dola 3.60 ambazo hazikufika kiwango cha kulipwa, ziko huko huko mpaka leo. AdSense niliibakiza nafasi moja, mwisho wa makala, na nikazima yale matangazo yanayojipanga yenyewe kila mahali. Mapato yakashuka zaidi ya nusu, kama nilivyotarajia.

Kilichofuata hakikuwa ubunifu wangu. Wakongwe walishakifanya, blogu ya Issa Michuzi, ambayo ipo tangu 2005, ilikuwa na picha za matangazo ya makampuni pembeni wakati wengi wetu hatujui hata barua pepe. Ila mimi sina wasomaji wa kuitisha benki. Nilikuwa na fundi mmoja wa huku huku Tabata anayetengeneza mashine za kutotolesha, za mayai 60 mpaka 500, kwa mbao, taa na kidhibiti joto. Nilimkuta anapiga randa.

"Kwa mwezi shilingi ngapi, kaka?"

"Elfu thelathini."

"Na nikishalipa, watapiga wangapi?"

Nikaanza kumweleza habari za kurasa kutazamwa elfu ishirini kwa mwezi. Akanisikiliza kama mtu anavyosikiliza utabiri wa hali ya hewa. Kisha akatoa mfukoni laini mpya, bado iko kwenye kadi yake. "Hii sitampa mtu mwingine namba yake. Itakaa kwako tu. Ikiita, ni wewe."

Nimesoma mengi kuhusu kupima matangazo, sijaona kipimo safi kuliko hicho. Mwezi wa kwanza laini iliita mara 41. Aliuza mashine tatu, moja ilipanda basi kwenda Nzega. Akanilipa wa pili kabla sijamdai, na akamleta jamaa yake anayeuza vifaranga Kibaha. Picha ya tangazo niliitengeneza mwenyewe: mashine, bei, namba ya simu. KB 18. Inafunguka kabla hujaweka simu vizuri mkononi, na watu wawili hao wakanilipa elfu sitini kwa mwezi, kiasi ambacho mnada ulikuwa unanipa kwa miezi minne.

Lakini nisipambe. Mnada haujui ninaandika nini na hauna shida nacho. Kwa miaka yote ile hakuna mtangazaji wa huko aliyewahi kunipigia kuhusu sentensi. Fundi alinipigia. Kwenye makala ya utotoleshaji nimeandika kwamba kama mashine haigeuzi mayai yenyewe, jiandae kuyageuza kwa mkono angalau mara tatu kwa siku mpaka siku ya 18, na usiposhika ratiba, vifaranga watafia ndani. Mashine zake za bei ya chini hazigeuzi.

"Hiyo sentensi inanifukuzia watu, kaka. Si uitoe tu? Mi nawaeleza mwenyewe wakinunua."

Nilimwambia siwezi. Akanyamaza, akasema sawa, na mwezi uliofuata hakulipa. Nikatoa picha yake. Nakiri nilifungua ile makala mara kadhaa nikiitazama sentensi, nikijaribu kuona kama inaweza kusemwa kwa upole zaidi. Nilibadilisha "watafia ndani" ikawa "wengi hawatatoka". Sijui kama hiyo ilikuwa uhariri au woga. Mwezi mmoja baadaye nikairudisha ilivyokuwa.

Alirudi baada ya miezi miwili. Wateja walikuwa wanamuuliza wenyewe kama mashine inageuza, hivyo akaanza kufunga kimota kidogo hata kwenye zile za mayai 60, na bei akapandisha kidogo. Hakusema lolote kuhusu sentensi, nami sikuuliza.

Yule mama wa Itigi tunasalimiana mpaka leo. Ana kuku mia na ishirini, huchanja kwa tarehe alizoziandika kwa mkaa ukutani kwenye banda, na kila mara hunitumia picha ya ukuta.

Salio la AdSense jana usiku lilikuwa dola 93.17, pengine mwezi ujao litavuka. Na asubuhi hii fundi kaniandikia: ana mashine mpya ya mayai elfu, amepigiwa picha na mtu mwenye kamera kubwa, anaomba niibadilishe ile ya zamani. Picha imekuja ina MB 7. Nimemjibu imetulia, ila anisubiri hadi jioni niipunguze ifike KB 30.